Imani ya Mzazi, Salama ya Mwana

Mwaka 2012 California lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwaharimishia matabibu wa nafsi wenye leseni kujaribu kuwageuza vijana wa chini ya miaka 18 wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja. Na mwaka uliofuata Exodus International, jumuiya ya Kikristo iliyoishughulikia kazi hiyo tangu 1976, ilijifunga yenyewe, na rais wake, Alan Chambers, akawataka radhi walioumizwa.

Kwa nini jambo hili likushughulishe wewe mzazi? Kwa sababu madhara hayatoki kwa tabibu tu, hutoka nyumbani pia: utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake, uliochapishwa 2009, ulionyesha kwamba vijana wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja, ikiwa jamaa zao waliwakataa kwa ukali, uwezekano wa wao kuwa wamejaribu kujiua ulizidi mara 8 kuliko wale waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa.

Tugeukie upande wa pili. Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kubezwa, kwamba mzazi ana haki ya kumlea mwanawe katika dini yake, wala serikali haina ruhusa ya kuingia baina ya mja na Mola wake. Naam, lakini sheria ile ya California haikumgusa mchungaji wala padri, ilimgusa tabibu tu, na kijana afukuzwaye nyumbani kwa jina la Mungu aghalabu haendi kutubu, huenda kutafuta pa kulala.

Basi swali ni hili: mzazi anayesadiki kwa dhati kwamba mwanawe yumo dhambini, aweza kuishika imani yake pasipo kumnyima mwana huyo nyumba?