Sakafu Ikipanda, Paipu ya Choo Nayo Ipande

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme juu ya vyoo vya kumwagia maji, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Baada ya mafuriko ya 2024, kikundi kimoja cha akina mama katika uwanda wa Kano kiliamua kuinua sakafu ya choo na bafu ya vyumba vyao vya kupangisha. Walichanga pesa, wakanunua mawe, maramu na simiti, na sakafu ikapanda sentimita 20. Kazi ilipendeza. Fundi akaomba baki yake. Mimi nilikuwepo. Nikamwaga ndoo moja ya maji chooni, yakashuka mara moja, nikasema, "Mlipeni."

Miezi mitatu haikuisha, mpangaji wa kwanza akahama kwa sababu ya harufu. Ukuta ukaanza kulowa kutoka chini. Tulipovunja sakafu tukaona mambo. Sinki lilikuwa juu, paipu ya zamani ilikuwa chini pale pale ilipokuwa tangu mwanzo, na katikati fundi alikuwa ameziba pengo kwa gunia na simiti. Uchafu wote ulikuwa unanywewa na maramu chini ya miguu ya watu, na kisima hakiko mbali. Wakati huo mweka hazina alikuwa amekwisha kusemwa sana, ati amekula pesa ya paipu. Hakula hata senti.

Sasa sikilizeni. Maji kushuka si ushahidi. Yanaweza kushuka ndani ya paipu, yanaweza kushuka ndani ya udongo. Ukisimama juu huoni tofauti. Na simiti peke yake haishiki vizuri paipu ya plastiki, kwa kuwa plastiki ni laini. Tena maramu mpya hutulia kidogo kidogo, sakafu inashuka nayo, na kiungo kigumu kinapasuka.

Kwa hivyo pengo lijazwe kwa paipu. Kwanza mjue sakafu itaishia wapi kabisa, pamoja na plasta ya juu au vigae, kisha mweke sinki mahali pake bila kulishika na kupima pengo. Mkate kipande cha paipu ya inchi 4, kama ile ya zamani, na kukiunga kwa soketi. Mdomo mpana wa paipu uelekee juu, uchafu unakotoka, ule mwembamba uingie kuelekea chini. Ukigeuzwa, karatasi zitakwama kwenye ukingo na maji yatavuja.

Mahali pa kukata palainishwe kwa msasa, pafutwe pakauke, gundi ipakwe pande zote mbili, kisha kusukuma na kushikilia kidogo. Muda wa kungoja kabla ya kumwaga maji umeandikwa kwenye mkebe. Someni, hata kama fundi anawacheka. Lakini pale sinki la udongo linapokutana na plastiki, gundi haifai. Hapo mtumie raba ya kuunganishia. Ipakeni maji ya sabuni ili iteleze. Oili ya gari huiharibu.

Paipu inayokwenda nje ishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Mkiinua sakafu mnaweza kupata nafasi nzuri ya kurekebisha paipu iliyolala sana. Maramu nayo ishindiliwe kwa tabaka nyembamba, si kumwaga lori zima kisha kukanyaga kwa miguu.

Nakuja kwenye jaribio, na hapa naomba msinzie baadaye. Kabla ya kumwaga zege, zibeni mdomo wa paipu kule nje kwa kifuniko chenye raba, mjaze maji mpaka juu ya kile kipande kipya, mweke alama ya makaa na kungoja nusu saa. Maji yakipungua, kuna mahali panavuja. Mkimaliza, ondoeni kifuniko, mfunge sinki, mnyunyize majivu makavu kuzunguka kiungo na kumwaga ndoo tatu. Majivu yakilowa, fundi arudie. Hayo yaandikwe katika mapatano tangu siku ya kwanza: baki ya fundi italipwa baada ya majivu kubaki makavu. Fundi mzuri hatakataa.

Kikundi kile kilirudia kazi kwa pesa ambayo ilikuwa ya mbegu. Safari hii mwenyekiti mwenyewe aliinama na majivu yake, na fundi, mwingine, akalipwa siku iliyofuata. Vyumba vimejaa. Mweka hazina yule alijiuzulu, na mimi nimekwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Wanachama bado wanambembeleza arudi.