Aliyepiga Hesabu ya Mshahara wa Kibarua

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Aliyewahi kupanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua Soni. Kabichi, karoti na viazi vya Usambara hupita hapo vikiteremka kwa malori kwenda Dar es Salaam. Mkulima wa huku kulima anajua. Kinachomshinda ni hesabu: nani amepanga bei, na lile gunia la lumbesa, lililovimba kupita kilo 100 za sheria, linamla kiasi gani. Leo tumzungumzie mtu aliyeifanya hesabu ya namna hiyo kuwa kazi ya gazeti, Manilal Ambalal Desai.

Desai alizaliwa Gujarat, India, akafika Nairobi mwaka 1915 kufanya kazi katika ofisi ya mawakili. Mwaka 1919 akaanzisha gazeti la East African Chronicle. Siku hizo hakuna aliyeitwa mwandishi wa habari za uchumi, lakini habari yenyewe ilikuwa ikimgongea mlango.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya mazao ya walowezi wa Kenya ilianguka. Kisha, mwaka 1920, serikali ikaipandisha rupia kutoka shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza hadi shilingi 2. Mlowezi aliuza mazao yake London kwa fedha ya Kiingereza, ila madeni na mishahara alilipa kwa rupia. Mzigo ukamwelemea, akatafuta wa kumtwika. Mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na wakati huohuo kodi ya kibanda ilikuwa imefikishwa shilingi 16, na kila mwanamume mfanyakazi amevishwa kipande shingoni.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kibarua alikuwa akipata shilingi 12 kwa mwezi. Ukitoa theluthi, zinabaki 8. Kodi aliyoilipa kwa jasho la mwezi mmoja na siku kumi, sasa ataifanyia kazi miezi miwili mizima, na bado hajala. Hiyo ndiyo lugha ambayo mlipa kodi anaielewa.

Chronicle lilipinga jambo hilo waziwazi. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, akapata mlango wazi kwa Desai, na karatasi zake za kudai haki zikachapwa kwenye mitambo ya gazeti hilo. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku akakamatwa. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kumdai ukapigwa risasi, wakafa watu zaidi ya 20. Thuku akahamishiwa Kismayu. Ofisi ya Chronicle ikapekuliwa, na gazeti likafa mwaka huohuo.

Wapo watakaosema Desai alikuwa na lake. Ni kweli. Alikuwa kiongozi wa Wahindi waliokuwa wakidai kura na haki ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu, na walihitaji wa kusimama nao. Tena matajiri wa Kihindi nao walikuwa na vibarua wao. Lakini hesabu iliyo sawa haigeuki uongo kwa sababu aliyeiandika ana haja yake.

Sisi wa Usambara kipande hatukusimuliwa. Enzi za Mjerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, wanaume wa huku walipewa vipande vya kuwalazimisha kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Magazeti ya Kiswahili ya wakati huo, kama Kiongozi la Tanga, yalikuwa mikononi mwa serikali na misheni. Nani basi angeuliza kama ujira ule ulitosha?

Desai alifariki mwaka 1926, na hakufia Nairobi wala India. Alifia Bukoba, katika Tanganyika yetu. Wenzake wakamjengea ukumbi wa kumbukumbu Nairobi.

Ninalotaka tulitafakari wiki hii ni hili. Kurasa zetu za uchumi zinatupa thamani ya dola na bei za hisa, nasi tunashukuru. Lakini ni mara ngapi tumesoma kabichi iliondoka Soni kwa bei gani, ikafika Kariakoo kwa bei gani, na hapo katikati nani alichukua nini? Wewe wa mjini unayelalamika kwamba mboga ni ghali, na yule wa mlimani anayelalamika kwamba mboga haina bei, mnalalamikia gunia moja. Anayekosekana ni mwandishi wa kulipanda lori hilo akiwa na kalamu na mizani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mnyonge ni gazeti.