Bei ya Menyu na Bei ya Bili: Mazungumzo kwa Wakazi Kuhusu Kula Mikahawani Mjini



Chukulieni familia ya watu watano kutoka Likoni. Mshahara umeingia, kifungua mimba amefaulu mtihani, na baba ameahidi kwamba Jumapili hii mama hatawasha jiko. Wanavuka kwa feri, ambayo kwa anayetembea kwa miguu haina nauli, kisha wanapanda matatu hadi kwenye mkahawa mmoja mjini. Baba ana shilingi 4,000. Anafungua menyu na kupiga hesabu kimoyomoyo: biriani sahani tano kwa 550 ni 2,750, sharubati bilauri tano kwa 150 ni 750. Jumla 3,500. Inabaki 500 ya nauli ya kurudi. Anaagiza, tena kwa sauti ya mtu asiyekuwa na wasiwasi.

Bili inapoletwa imeandikwa 4,480.

Watoto wananyamaza. Mama anaangalia pembeni ili asimwaibishe mwenzake. Baba anatoka nje kumpigia shemeji yake simu amtumie pesa, na mhudumu anasimama karibu na mlango kana kwamba anapunga upepo.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wengi mliopo hapa mnaujua. Pengo la shilingi 980 limetoka wapi? Katika hesabu hii rahisi, kodi ya VAT ya asilimia 16 ni shilingi 560. Ada ya asilimia 2 inayokwenda kwa Hazina ya Utalii ni 70. Ada ya huduma, ambayo mkahawa huo umeiweka kuwa asilimia 10, ni 350. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa menyu, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi isemayo kuwa bei hizo hazijumuishi kodi.

Kuna mikahawa mingi mjini inayoandika bei iliyokamilika: unachokiona ndicho unacholipa. Kuna mingine inayoacha kodi ije mwishoni. Ndiyo maana kulinganisha mikahawa miwili kwa kutazama menyu peke yake hupotosha. Sahani ya 600 isiyo na kodi, ikiongezwa hizo asilimia 16, 2 na 10, inafika 768. Jirani yake anayeuza sahani hiyohiyo kwa 700 kamili ndiye rahisi, ingawa menyu yake inaonekana ghali.

Sheria inasemaje? Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 nayo inakataza mtoa huduma kumtoza mtu ada ambayo hakumfahamisha kabla. Mwenye mkahawa anaweza kusema kuwa ile sentensi ndogo ilikuwepo. Lakini herufi ambazo mzee anahitaji miwani miwili kuzisoma hazimfahamishi mtu kitu. Mkahawa unaoheshimu wateja huandika jambo hilo juu, penye bei.

Mteja naye ana swali moja la kuuliza kabla ya kuagiza: "Bei hii ni ya mwisho, au kuna nyongeza?" Si swali la mtu bahili. Anayenunua shati Kongowea huuliza bei na kuipunguza bila haya. Mtu yuleyule akikaa kwenye kiti chenye mto na kitambaa cheupe mezani, ulimi unamganda.

Kuhusu ada ya huduma na bahshishi, watu huchanganya. Bahshishi ni hiari ya mteja. Ada ya huduma imeshapangwa na mkahawa na iko ndani ya bili. Ikiwa umeshalipa ada ya huduma, hudaiwi bahshishi juu yake. Ukitaka kujua kama ada hiyo inamfikia aliyekuhudumia, muulize mwenyewe kwa upole. Uso wake utajibu kabla ya mdomo.

Sasa tuje kwenye samaki na nyama, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila kelele. Menyu inasema samaki wa kupaka, "bei kulingana na uzito". Uzito upi? Samaki mzima akiwa na matumbo na magamba si sawa na samaki aliyekwisha kusafishwa. Nyama choma vilevile. Kilo moja hupimwa ikiwa mbichi, na moto huondoa maji na mafuta mpaka robo yake au zaidi ikapotea, kisha toeni na mifupa. Kwa hiyo anayeletewa sinia la kilo moja akaona dogo, pengine hakudhulumiwa. Pengine pia amedhulumiwa, na njia ya kujua ni moja: nenda kwenye mizani nyama au samaki akipimwa, kabla hajaingia jikoni. Chagua changu wako au kolekole wako, tazama sindano au tarakimu ikianzia sifuri, uliza jumla yake ni shilingi ngapi, ndipo useme "haya, choma".

Mizani yoyote ya biashara inatakiwa ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo kila mwaka. Mteja ana ruhusa ya kuuangalia muhuri huo, na mfanyabiashara mwaminifu hachukii.

Thamani ya pesa haipatikani kwenye bei ya chini peke yake. Sahani ya 400 inayokulazimu uongeze chapati mbili na soda ili ushibe inaweza kuishia kuwa ghali kuliko sinia la 900 ambalo watu wawili wamelila wakabakisha. Gawanya jumla ya bili kwa idadi ya watu walioshiba, si walioagiza. Na maji: chupa inayouzwa dukani kwa bei ya kawaida huuzwa mezani mara kadhaa ya hapo, kisha mtu analalamikia bei ya biriani.

Upepo wa bahari nao una bei. Mkahawa ulioko ufuoni Nyali hulipa kodi ya pango, walinzi, taa na bustani, na wali wake wa nazi hauwezi kuuzwa kama wa Mwembe Tayari. Anayekwenda huko kwa ajili ya mandhari, akijua hivyo, hajapunjwa. Anayetaka chakula kitamu tu ana mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai, mishkaki na pweza wa barabarani, na hakuna sheria inayosema kitamu lazima kiliwe kwa uma.

Ila kuna kitu ambacho hakifai kupunguzwa bei, nacho ni usafi. Wanaoandaa chakula cha kuuza wanatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miezi sita. Leseni ya biashara inapaswa kuonekana. Mteja aangalie kama kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia, kama chakula kinapakuliwa kikiwa moto kweli au ni vuguvugu la tangu adhuhuri, na kama aliyeshika noti ndiye anayeshika kachumbari. Kibanda kidogo chenye ndoo ya mfereji, sabuni na chungu kinachotoa moshi kinaweza kuushinda mkahawa wa vioo katika hili. Nauli ya kwenda hospitali na siku tatu bila kazi haziandikwi kwenye bili, lakini ni gharama ya mlo uleule.

Serikali ya kaunti haipangi bei ya sahani, na atakayeleta malalamiko kwamba biriani ni ghali tu hatasaidika. Kazi ya kaunti ni kutoa leseni na kusimamia biashara za chakula, afya ya umma, na biashara ya haki, pamoja na vipimo. Aliyeuziwa chakula kilichoharibika amwone afisa wa afya ya umma. Mwenye shaka na mizani aende afisi ya vipimo. Aliyetozwa ada asiyofahamishwa azungumze kwanza na meneja, kwa utulivu, bili ikiwa mkononi. Mengi huishia hapo. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani.

Kote huko ataulizwa risiti. Aitake ile ya eTIMS, yenye PIN ya biashara, maana biashara iliyosajiliwa kwa VAT pekee ndiyo yenye haki ya kuitoza. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, "kodi 560", hakithibitishi kwamba pesa hizo zitafika kwa KRA. Na kwa anayelipa kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe: una jina la biashara, kiasi, tarehe na saa.