Habari Nayo Ina Hati Zake: Mazungumzo na Wakazi wa Muyinga kuhusu Kurasa za Intaneti

Jambo tulilolileta leo tulikwisha kulizungumza na wenzenu wa Gitega. Huko mzee mmoja alitusikiliza kwa muda mrefu, kisha akasimama na kutuuliza: "Kwa hiyo ninyi polisi mnatukataza kusoma simu zetu?" Tunaanza na jibu la swali hilo ili lisitusumbue na hapa. Hatumkatazi mtu kusoma. Tunachoomba ni kwamba ukurasa wa intaneti nao uulizwe kama mnavyoulizwa ninyi mnapovuka Kobero kwenda Kabanga: wewe ni nani, umetoka wapi, hati yako ilitolewa lini, na ni nani aliyeitoa.

Kuuliza hivyo si jambo geni kwetu Warundi. Bashingantahe wanapoketi kusikiliza ugomvi wa shamba, shahidi anayesema "nimesikia" hawamfukuzi, bali humwuliza amesikia kwa nani, kisha hutaka kumsikia huyo aliyetajwa. Wakimfikia mtu aliyekuwapo siku mpaka wa shamba ulipowekwa, ndipo uzito wa maneno unapopimwa. Hawamfuati mwenye sauti kubwa. Kwenye simu sisi hufanya kinyume. Ukurasa ukiwa na picha nzuri na herufi nyekundu, tunauheshimu. Tukikuta habari moja katika kurasa kumi, tunadhani tumepata mashahidi kumi. Kumbe tisa zimenakili ile ya kwanza neno kwa neno, hata makosa yake ya tahajia. Hapo shahidi ni mmoja tu, na pengine naye hakuwapo.

Tuchukue mfano unaowagusa. Tarehe 11 Januari 2024 serikali yetu ilitangaza kufungwa kwa mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mtu akisoma kichwa kisemacho tu "Burundi yafunga mipaka", naye ana lori la bidhaa njiani, atafikiri Kobero nako kumefungwa, ilhali Kobero ni mlango wetu wa Tanzania na tangazo lile halikuuhusu. Akiuza mzigo wake kwa hasara usiku huohuo, hawezi kumshtaki mtu kwa uongo. Aliyemponza ni yeye aliyesoma mstari mmoja na kuacha mistari iliyofuata. Na kichwa hichohicho kikizungushwa tena mwaka mwingine bila tarehe yake, kitawaponza wengine.

Tarehe ndiyo hati inayosahauliwa kuliko zote. Karatasi ikizeeka hugeuka rangi na kuchanika, lakini ukurasa wa intaneti wa miaka kumi iliyopita hung'aa sawasawa na wa asubuhi ya leo. Kule Gitega wanafunzi walituonyesha kurasa zinazosema kuwa mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, na wao wamekaa katikati ya Gitega, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Walicheka sana. Nanyi mna la kwenu la kuchekea. Tafuteni Muyinga, na kurasa nyingi zitawaambia kuwa ni mkoa, mmoja kati ya mikoa 18. Kwa sheria ya Machi 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, nchi yetu sasa ina mikoa 5, na Muyinga ni komuni ndani ya mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake makuu yako Cankuzo. Walioandika kurasa zile hawakuwa waongo. Waliandika yaliyokuwapo siku zao, wakaondoka. Lakini anayejaza fomu leo kwa kuutegemea ukurasa huo ataupeleka mguu wake ofisi isiyohusika, na nauli haitarudishwa.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi nisiamini chochote. Hilo nalo lina gharama yake. Mnakumbuka Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipotangaza kuwa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na wananchi wakapewa siku 10 tu za kuzipeleka benki. Habari hiyo ilikuwa na sura zote za uzushi: ya ghafla, ya kutisha, yenye muda mfupi. Mwenye akiba ndani ya nyumba aliyesema "hizo ni porojo za simu" na kulala, alikuwa akizipoteza siku zake moja moja. Ajabu ya habari, basi, haiwezi kuwa kipimo. Kilichoitofautisha ile na porojo ni kwamba mtu angeweza kuifuata hadi kwenye tangazo la Benki Kuu yenyewe, au kuingia benki yoyote iliyo karibu na kumwuliza mhudumu dirishani.

Kuhusu anwani za tovuti tutasema kwa ufupi. Tovuti za serikali yetu kwa kawaida huwa na .gov.bi mwishoni mwa jina, na za Serikali ya Tanzania huwa na .go.tz. Someni sehemu hiyo herufi kwa herufi, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Tapeli hupenda kuweka kistari mahali pa nukta, au kuliweka neno la serikali mwanzoni na kumalizia kwa kitu kingine kabisa. Nembo ya taifa iliyochorwa juu ya ukurasa si kithibitisho; nembo hunakiliwa na mtoto wa shule kwa dakika moja.

Hili la nembo tunalisema kwa uchungu, na hapa mtuvumilie tukae kidogo. Mama mmoja kutoka moja ya vilima vya huku alitujia na ukurasa uliochapishwa kwenye karatasi. Ulitangaza kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba: mshahara mzuri, tiketi ya bure, safari baada ya wiki mbili. Juu kulikuwa na nembo, na chini maneno "imeidhinishwa na serikali". Binti yake alikwisha kuombwa faranga za "kufungua faili", na pasipoti aliambiwa ataikuta njiani, ng'ambo ya mpaka. Mama yule hakujua kusoma Kifaransa kilichoandikwa pale, lakini alituuliza swali ambalo wengi waliosoma hawaliulizi: "Mbona hawataki niende ofisini kwao?"

Tuliusoma ukurasa ule pamoja naye. Jina la kampuni lilikuwapo, lakini mtaa haukuwapo, wala jina la mtu hata mmoja. Namba ya simu tu. Haukuwa na tarehe. Hatukumwambia kuwa kazi za Ghuba zote ni utapeli, kwa sababu si kweli. Burundi na Saudi Arabia zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi mwaka 2021, na wako mabinti wanaosafiri kwa njia hiyo, kupitia mashirika yenye kibali. Tulimwambia jambo moja tu: alichukue jina lile, aende kwenye wizara inayosimamia kazi, aulize kama limo katika orodha ya waliopewa kibali. Alikwenda, na jina halikuwamo. Binti yuko nyumbani, amekasirika, na anasema mama yake amemnyima maisha. Jirani yao aliyeombwa faranga zilezile, kupitia ukurasa uleule, alikwisha kuondoka. Wazazi wake wamempata kwa simu mara mbili, na mara ya pili mtu mwingine alikuwa akimwambia la kusema. Faili lake liko mikononi mwa wapelelezi, kwa hiyo hatutasema zaidi. Tukumbushe tu kwamba sheria ya tarehe 29 Oktoba 2014 inaadhibu biashara ya binadamu na inamlinda aliyetendewa. Mzazi anayekuja kwetu kwa jambo kama hili haji kama mshitakiwa.

Mtu atauliza kuhusu picha. Picha nayo husema imetoka wapi, ukiitazama taratibu. Mmoja wetu, tena mwenye cheo, aliwahi kuwatumia ndugu zake picha ya ajali mbaya iliyosemwa kuwa imetokea kwenye barabara ya kutoka hapa kwenda Ngozi. Aliyemsahihisha ni mwanawe wa darasa la sita: "Baba, mbona magari yanapita kushoto?" Sisi huendesha upande wa kulia, Tanzania upande wa kushoto, na ninyi madereva wa Kobero mnalijua hilo kuliko sisi, kwa kuwa mnabadilisha upande kila mnapovuka. (Msiangalie usukani, magari mengi ya kwetu yana usukani wa kulia na yatawapoteza.) Angalieni barabara, vibao vya maduka, namba za magari, na lugha iliyoandikwa ukutani.

Nasi pia tuulizeni vivyo hivyo. Mkiona tangazo lenye jina la polisi mtandaoni linalowataka mlipe faini kwa simu, au linalomtaja mtu fulani kuwa mhalifu na kuwahimiza mmkamate wenyewe, njooni kituoni mtuonyeshe kabla ya kufanya lolote. Hatutachukizwa. Afadhali tuamshwe usiku kwa swali kuliko tuitwe alfajiri kumwokota mtu aliyepigwa kwa sababu ya ukurasa ambao hakuna aliyejua mwandishi wake.

Tumebakiza muda wa maswali. Yule mama aliyeketi karibu na mlango amenyoosha simu yake tangu tulipotaja noti. Mama, tafadhali anza wewe, na kwanza utusomee tarehe.