Rojo ya Boga: Chakula Jikoni, Hatari Chupani

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Boga si zao la mnada. Mkulima hulipanda katikati ya mahindi, hula majani yake, hukaanga mbegu zake, na maboga yanayobaki baada ya mavuno huyarundika penye kona ya ghala. Mengine huliwa, mengine hupewa jirani, na yaliyosalia huoza. Kwa kuwa hayaandikwi katika daftari la chama, hakuna anayeihesabu hasara hiyo.

Hasara ya namna hii haiko hapa peke yake. Asili ya boga ni bara la Amerika. Mbegu zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz nchini Mexico zina umri wa miaka ipatayo 10,000. Huko Marekani, kila ifikapo Oktoba 31, watu hupamba nyumba zao kwa maboga. Baadhi huchongwa sura za watu na kutiwa mshumaa ndani, na mengine huwekwa barazani yakiwa mazima. Sikukuu ikiisha, mengi hutupwa. Hata hivyo, wako wanaoyachukua yaliyo mazima, wakayapika na kuyaponda yawe rojo ya kutia katika mikate na keki. Katika kazi yao hiyo yamo mafunzo matatu yanayofaa vyama vyetu.

Funzo la kwanza ni kuchagua. Boga lililochongwa na kukaa wazi kwa siku kadhaa halifai kuliwa, wala lililopakwa rangi. Hali kadhalika boga lililopasuka shambani au lililolainika upande mmoja lisipelekwe jikoni kwa kisingizio kwamba upande wa pili ni mzima. Aidha, maboga madogo ya mapambo huweza kuwa machungu kwa sababu ya sumu iitwayo kukurbitasini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Sumu hiyo huweza kuwamo pia katika zukini chungu, tunda la jamii hiyohiyo ya boga. Kwa hiyo, kabla ya kupika, kipande kidogo kionjwe kwa ncha ya ulimi na kutemwa. Kikiwa kichungu, boga zima litupwe.

Funzo la pili ni kupunguza maji. Boga huoshwa nje kabla ya kukatwa, ili kisu kisiingize udongo ndani. Kisha hupasuliwa, huondolewa mbegu na nyuzinyuzi, na kukatwa vipande. Ni bora vipande hivyo vipikwe kwa mvuke kuliko kuchemshwa ndani ya maji, kwa maana boga lenyewe lina maji mengi. Kisu kikipenya bila kusukumwa, limeiva. Nyama yake hukwanguliwa kutoka kwenye ganda, hupondwa, hupitishwa katika chujio, na kuachwa ichuruzike juu ya kitambaa safi. Ikiwa bado ni nyepesi, hurudishwa motoni na kukorogwa kwa mwiko hadi isimame yenyewe.

Rojo hiyo ndiyo ya kukandia unga wa maandazi au mkate. Kwa vikombe 4 vya unga, kikombe 1 cha rojo chatosha kuanzia, na maji yaongezwe kidogo kidogo tu iwapo donge bado ni kavu. Sukari nayo hupungua, kwani boga lina utamu wake. Rangi yake ya manjano ni alama ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, yenye faida kwa macho ya watoto.

Funzo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kuhifadhi. Vikundi vingi vikiona rojo imebaki hufikiri kuitia chupani, kuichemsha pamoja na chupa zake, na kuiuza. Jambo hilo lisifanywe. Boga halina ukali wa kutosha kuzuia bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Spora zake hustahimili maji yanayochemka; na zikifungiwa mahali pasipo na hewa huota na kutoa sumu ambayo yaweza kuwamo bila harufu mbaya wala rangi kubadilika. Aliyeila huona vitu viwili viwili, kope humlegea, na hatimaye huweza kushindwa kupumua. Idara ya Kilimo ya Marekani haishauri rojo ya boga ihifadhiwe chupani nyumbani kwa njia yoyote, hata kwa sufuria ya shinikizo, kwa kuwa uzito wake huzuia joto lisifike katikati kwa kipimo kinachojulikana. Kukamulia ndimu kwa kukisia hakuiondoi hatari hiyo.

Njia salama zipo. Rojo iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili. Ndani ya jokofu itumike katika siku 3 au 4. Penye friza, igandishwe katika vifuko vya kipimo cha mapishi ya mara moja. Pasipo na umeme, boga lisigeuzwe rojo kabla ya siku ya kuoka. Libaki zima mahali pakavu penye hewa, au likatwe vipande vyembamba, lipitishwe kwenye mvuke kwa dakika chache, kisha likaushwe chini ya chandarua hadi livunjike kama ukuni mkavu. Vipande hivyo husagwa kuwa unga, na unga mkavu huchanganywa na wa ngano au wa uji.

Wajibu wa katibu hapa ni bayana. Kikundi kinachotaka kuuza maandazi ya boga au unga wake kisaidiwe kupata mafunzo ya SIDO, na bidhaa za pakiti zifuate masharti ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Lakini chupa ya rojo iliyofungwa jikoni isibandikwe jina la chama. Mnunuzi huliamini jina hilo kwa sababu ni la wanachama wote. Likimletea ugonjwa, haitasemwa kwamba kosa ni la jiko moja.