Kabla hujafungua injini, uliza oili inakwenda wapi

Wengi mnaonisikiliza asubuhi hii mko barabarani, na baadhi yenu mnalo ndani ya buti galoni la oili lililoviringishwa gazeti. Galoni hilo si la akiba ya safari, ni la kila siku. Gari limezoea kunywa oili kama mzee wa kijiweni alivyozoea kahawa yake, nanyi mmezoea kulinywesha. Leo nataka tulizungumze jambo hilo, maana nyuma yake kuna fedha nyingi zinazopotea, na mara nyingine fedha hizo ni ada za watoto.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Kaka yangu alipofariki mwaka 2018 aliacha mjane, watoto watatu, na Toyota Corolla iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 280,000. Shemeji hakuliuza gari. Alimkabidhi kijana mmoja aliendeshe kama teksi, na hesabu ya kila jioni ndiyo iliyolipa ada na kodi ya nyumba. Mwaka uliofuata hesabu ikaanza kupungua. Kila baada ya siku tatu kijana alikata fedha ya oili. Wakalipeleka gari gereji. Fundi akaliwasha, akatazama moshi wa bluu kwenye ekzosi, akakata shauri palepale kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini ifunguliwe. Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi 1,800,000.

Usiku ule shemeji akanipigia simu. "Shemeji," akasema, "nimeshawaomba wenzangu wa upatu wanipe zamu ya mbele. Wewe unaonaje?"

Mimi si fundi, ndugu msikilizaji. Nilisomea uandishi wa habari, na chuoni tulifundishwa mapema kwamba habari ya mtu mmoja haitangazwi mpaka imethibitishwa na mwingine. Nikamwomba shemeji asubiri wiki mbili. Nikalipeleka gari kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye injini za Toyota. Hakufungua hata boneti. Aliniuliza, "Linakula oili kiasi gani, kwa kilomita ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kijana naye hakuwa nalo, na yule fundi wa kwanza hakuwa ameuliza.

"Basi nendeni mkapime kwanza," mzee akasema. "Daktari hatoi dawa kabla ya vipimo."

Akatufundisha namna ya kupima. Gari liwe mahali tambarare. Injini iwe imezimwa kwa muda wa kutosha, na bora zaidi ni alfajiri kabla ya kuwashwa. Uchomoe kijiti cha oili, ukifute, ukirudishe, kisha uchomoe tena usome. Unapoongeza oili, andika daftarini umeongeza kiasi gani na gari limetembea kilomita ngapi. Usiku uweke boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi ulikague.

Tulifanya hivyo kwa kilomita 500. Daftari likasema gari linakula nusu lita, yaani lita 1 kwa kilomita 1,000. Huo ni ukomo wa juu ambao vitabu vya baadhi ya magari vinauruhusu. Lakini si injini yote iliyokuwa ikila. Boksi letu lilikuwa na madoa mawili mapana kila asubuhi. Kumbe sehemu ya oili haikuwa ikiungua hata kidogo, ilikuwa ikidondoka. Wahenga walisema bandubandu humaliza gogo. Tone moja hulioni, lakini matone ya usiku kucha ni fedha.

Mzee sasa akafungua boneti, akatuonyesha mambo manne.

La kwanza lilikuwa gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, kile mafundi wanachokiita tapeti kava. Ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, na oili ilikuwa ikitambaa ubavuni hadi chini.

La pili lilikuwa kosa letu wenyewe. Kijana, kwa kuogopa oili isimwishie njiani, alikuwa akijaza kupita alama ya juu ya kijiti. Oili ikizidi, krankishafti huipiga hadi ikatoa povu, na nyingine husukumwa nje kupitia njia ya kupumulia ya injini, ikaingia kwenye hewa inayovutwa na kuungua. Alikuwa akimwaga fedha kwa hofu ya kupoteza fedha.

La tatu lilikuwa hiyo njia ya kupumulia. Injini iliyochakaa huvujisha gesi kutoka kwenye silinda kwenda chini, na gesi hiyo lazima ipate pa kutokea. Valvu yake ndogo ilikuwa imeziba kwa masizi. Gesi ikikosa njia husukuma oili kwenye kila sili na kila gasketi iliyolegea. Kuna watu hubadilisha sili kila mwaka, kumbe kilichoziba ni kivalvu hicho.

La nne ndilo lililokuwa likitoa moshi. Mzee alitaka kujua moshi unatoka saa ngapi. Kijana akajibu kwamba ni asubuhi wakati wa kuwasha, kisha unapotea. Hapo mzee akatabasamu. Moshi wa bluu wa asubuhi, au ule unaotoka ukikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu kama Kitonga, mara nyingi ni wa valvu sili. Mpira wake huwa umekuwa mgumu, na oili hupenya taratibu kuingia kwenye silinda. Moshi usiokoma, unaozidi kila ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima, ndio unaoelekeza kidole kwenye ringi.

Hata hivyo hakutegemea macho peke yake. Alichomoa plagi, akapima mgandamizo wa kila silinda. Akatia kijiko cha oili kwenye kila tundu, akapima tena. Kipimo kikipanda sana baada ya oili, ringi zimechakaa, kwa kuwa oili imeziba upenyo wake kwa muda. Chetu kilipanda kidogo tu. Ringi zilikuwa zimezeeka, lakini zilikuwa hazijafa.

Valvu sili alizibadilisha bila kung'oa silinda hedi. Alipenyeza kamba safi kwenye tundu la plagi, akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaibana kamba juu, nayo ikazishikilia valvu zisianguke ndani alipokuwa akifungua springi zake. Kazi yote, pamoja na gasketi, kivalvu, filta na oili mpya, iligharimu shilingi 260,000. Kilomita 1,500 zilizofuata, gari liliongezwa nusu lita.

Sisemi kwamba kila injini itapona hivyo. Kama kipimo kinaonyesha ringi zimekwisha, plagi zimelowa oili, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili moshi unatoka kwa kishindo, hapo hakuna ujanja. Ifungue, au utafute injini nyingine. Lakini fanya hivyo kwa kuwa umepima, si kwa kuwa umetishwa.

Niwaonye pia juu ya dawa za vichochoroni. Wako wanaochanganya oili ya gia kwenye injini ili moshi upungue. Unapungua kweli, hasa siku mnunuzi anapokuja kulikagua gari, lakini oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi wakati wa kuwasha, na huko ndiko injini inakofia. Kuhama kutoka oili nyepesi kwenda nzito kiasi, kama 20W-50, kunaweza kuisaidia injini ya zamani katika joto letu, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Injini nyingi za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na hazifai kulazimishwa.

Mwaga oili kwa wakati, maana oili iliyochoka huacha masizi yanayozigandisha ringi. Tena itazame filta ya hewa. Katika barabara zetu za vumbi, filta iliyotoboka kwa kupulizwa upepo mara kwa mara huingiza mchanga unaosaga silinda na ringi kama jiwe la kunolea kisu.

Jambo la mwisho, msiingojee taa nyekundu ya oili. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake. Ikiwaka ukiwa mwendoni, simama salama kando ya barabara na uzime injini mara moja, usijidanganye kwamba utafika kituo kinachofuata. Kijiti kingekupa habari hiyo wiki nzima kabla.

Shemeji hakuichukua ile zamu ya mbele. Alingoja zamu yake, na ilipofika alilipa ada ya mwaka mzima kwa mtoto wa kwanza. Kijana bado alikuwa na daftari lake kwenye droo ya gari, na jioni alipoleta hesabu alimwonyesha shemeji ukurasa wa oili pamoja na fedha. Tangu hapo hawakugombana tena.

Ndugu msikilizaji, kesho alfajiri, kabla hujawasha gari, chomoa kijiti. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.