NAMBA ZA UBAVUNI MWA TAIRI
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa madereva na mataniboi



Nimeombwa niseme juu ya namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Wako watakaosema hayo ni mambo ya fundi. Si hivyo. Tairi ikipasuka njiani, fundi yuko gereji, tajiri yuko ofisini, na anayesimama mbele ya askari wa barabarani ni dereva. Mwisho wa mwezi, mshahara unaoguswa ni wa dereva vile vile. Basi yatupasa kuzijua namba hizi.

Tuchukue tairi inayovaliwa na motokaa nyingi ndogo: 195/65 R15 91H. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita, toka ubavu huu mpaka ubavu ule. Namba 65 si milimita, na hapo ndipo wengi hupotea. Ni sehemu katika mia ya ule upana. Ukichukua 65 kwa mia ya 195 unapata karibu milimita 127, na huo ndio urefu wa ubavu toka rimu mpaka barabarani. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja toka mdomo mmoja wa tairi hata wa pili. Wazee wa kazi hii wanazikumbuka tairi za 9.00-20, zenye kistari mahali pa R; hizo nyuzi zake zilipishana. Namna hizo mbili hazichanganywi katika ekseli moja. Mwisho, 15 ni kipenyo cha rimu, nacho kwa desturi ya zamani bado hupimwa kwa inchi.

Sasa fanyeni hesabu. Inchi 15 ni milimita 381. Ongeza ubavu wa juu 127 na wa chini 127, unapata 635. Hicho ndicho kimo cha tairi nzima, na ndicho ambacho mtengeneza gari alikitegemea alipopanga gia na spidomita.

Tuseme tairi za namna hiyo zimekwisha, na tajiri amepata nyingine kwa bei nafuu, 205/70 R15. Rimu ni ile ile ya 15. Zinaingia, gari linakwenda, kila mtu anafurahi. Lakini kimo chake ni milimita 668, yaani zaidi ya zile za kwanza kwa 5 kwa mia. Gurudumu likizunguka mara moja gari limekwenda mbele zaidi, na spidomita haijui habari hiyo, kwa maana yenyewe huhesabu mizunguko tu. Ikisema 80, gari linakwenda 84. Kamera ya askari haisomi spidomita yako, inasoma gari. Faini ni yako.

Na liko jambo linalouma kuliko faini. Kile chombo cha kuhesabu kilometa nacho hudanganyika. Safari ya kilometa 1,000 huandikwa kama 950 hivi. Karani anachukua lita za mafuta, anazigawanya kwa kilometa, anaona gari limekunywa kupita kawaida. Neno la kwanza litakalomtoka ni kwamba dereva anauza mafuta njiani. Ndugu zangu, mtu aweza kupoteza kazi na jina lake jema kwa sababu ya milimita 33 za mpira! Kabla hujajibu shtaka la mafuta, uliza kwanza gari limevaa tairi gani, na lilipaswa kuvaa gani.

Nije kwa namba ya 91, ambayo watu wengi huipita bila kuitazama. Hii ni namba ya uzito. 91 maana yake tairi moja yaweza kubeba kilo 615, ikiwa upepo wake ni kamili. Herufi H ni ya mwendo, kilometa 210 kwa saa. Hiyo kwa barabara zetu haina haja ya maneno mengi. Lakini uzito! Matatu ya Hiace huvaa tairi kama 195 R15 C, na ubavuni utaona namba mbili, 106/104. Ile C ni alama ya gari la kazi. 106 ni kilo 950 tairi ikiwa peke yake, na 104 ni kilo 900 zikifungwa mbili mbili. Sasa mtu anakuja na tairi ya motokaa ndogo, ile ya 615, anasema, "Si 195 hii? Si 15 hii?" Ndiyo, ni 195, na ni 15. Lakini tairi nne za namna hiyo hubeba kilo 2,460 tu zikijumlishwa, na zile nyingine 3,800. Abiria 14, tukikadiria kilo 70 kila mtu, ni kilo 980, na bado hatujahesabu gari lenyewe na magunia. Tairi inayobeba kupita kiasi hupata moto ubavuni, na moto huo hauonekani kwa macho mpaka siku ya kupasuka.

Wa malori nao nina neno lao. Katika tairi za pacha za nyuma, msikubali 315/80 R22.5 ifungwe pamoja na 295/80 R22.5. Ya kwanza ina kimo cha milimita 1,075, ya pili 1,043. Zimefungwa pamoja, hivyo lazima zizunguke sawa. Basi ndefu hubeba mzigo wa mwenzake, na fupi huburutwa.

Namba iliyo ya haki utaipata wapi? Usiisome katika tairi iliyomo garini, maana labda aliyekutangulia alikosea. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango. Huko hubandikwa karatasi yenye namba za tairi na upepo wake. Ikiwa gari limetoka Japani na maandishi huwezi kuyasoma, namba zasomeka kwa wote. Upepo hapo huandikwa kwa kPa: 240 ni karibu pauni 35. Tazama pia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tangu kiwanda cha tairi cha Nairobi kilipofungwa mwaka 2016, tairi nyingi hutujia kwa meli, na nyingine zimekaa ghalani muda mrefu kabla hazijaonja lami.

Haya, dereva ameona kwamba tairi si yake. Afanye nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na tajiri hana ruhusa kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi alifanya kosa hilo kwa makusudi. Tairi ndogo iliyopasuka kwa uzito si makusudi ya dereva. Lakini utasemaje mbele ya watu kwamba ulimwarifu msimamizi, ikiwa ulimwambia kwa mdomo tu, uwanjani, injini inanguruma?

Andika. Namba ya gari, namba iliyo mlangoni, namba iliyo katika kila tairi, tarehe na saa. Fanya nakala mbili, msimamizi atie sahihi katika moja, na hiyo uiweke kwako. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, mbele ya taniboi wako, kisha lete karatasi kwa mwakilishi wa chama siku ile ile, kabla gari halijatoka.